Mpini wa Mkono wa Babu Akonaay

Jumatatu, 2 Juni

Baridi ya Tlawi imeingia rasmi. Ukungu mpaka saa nne. Leo patasi imemponyoka Babu Akonaay mara tatu. Mara ya tatu imetua kwenye buti lake la kushoto, ikachoma mpira na kusimama wima kama bendera ya shule. Haikufika kwenye kidole. Tuliitazama wote wawili. Babu akasema buti hilo lilikuwa bovu tangu zamani.

Naandika hapa kwa sababu karakanani halisemwi: vidole vya Babu vinakakamaa.

Na mpini wa patasi yenyewe ni aibu. Mwembamba, wa duara, umefungwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mkono mzima ungehangaika nao, sembuse mkono wenye baridi ya miaka sabini na mitatu.

Jambo lenyewe ni hili. Fremu ya mlango wa kanisa la kigango inatakiwa Jumapili, siku ya Pentekoste. Yamebaki matundu sita ya kuchonga kwa patasi. Babu ametamka mbele yangu na mbele ya Polisi, mbwa wetu, kwamba, matundu yasipokwisha Jumamosi, atamwita Herman aje na mashine, na sanduku la zana atampa jumla, maana fundi asiyeshika patasi ni mzee tu aliyevaa aproni.

Herman! Alijifunza kazi hapa hapa, sasa ana karakana ya umeme Mbulu mjini. Si mtu mbaya. Ila amewahi kuniambia kwa furaha kabisa kwamba zana za Babu akizipata atazitundika ukutani, ofisini, wateja wazione. Patasi za Babu! Pambo!

Mimi nina deni lisilo na risiti kwa mzee huyu. Januari mwaka jana nilirudi kutoka chuoni na shahada ya takwimu, bahasha ya vyeti, na aibu ya kujaza debe. Kijiji kizima kiliniuliza nitaajiriwa lini. Babu, ambaye ni mjomba wa Mama, hakuniuliza. Alinipa kipande cha msasa na kigoda, akasema kigoda kinakwaruza watu. Nilikisugua siku mbili. Tangu hapo sijaondoka.

Nimeamua. Nitamchongea mpini unaolingana na mkono wake, tumbo mahali pa kiganja, ubapa mahali pa kidole gumba, mpini unaojishika wenyewe. Tatizo moja: asijue. Mwaka jana Herman alimletea glovu za sufu, akampa mbele ya wateja, akasema ni za mikono yenye maumivu. Babu alimvisha mbwa.

Kwa hiyo vipimo vitapatikana kwa siri. Nimeshapata njia. Nashukuru Mungu kwa akili aliyonipa.


Jumanne, 3 Juni

Njia: shikamoo.

Hakuna anayemshuku mtu anayetoa shikamoo. Mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima, goti limekunjwa kidogo. Na wakati huo huo, kimya kimya, unapima.

Saa mbili asubuhi. Shikamoo Babu. Marahaba. Nikashika, sikuachia. Upana wa kiganja: vidole vyangu vinne na nusu. Nilikuwa naendelea kwenye kidole gumba Babu akavuta mkono, akauliza kama kuna msiba.

Saa nne nimesahau namba ya kwanza. Nilishika randa huku nikiirudia moyoni, nne na nusu, nne na nusu, mteja akaja kuuliza bei ya kitanda, ikapotea. Nikatoa shikamoo ya pili. Babu aliitikia taratibu, akinitazama usoni kama anayetafuta homa.

Saa nane, shikamoo ya tatu. Nilikuwa na uzi mfukoni wa kuzungushia kidole cha shahada. Uzi ukanasa. Babu akatazama uzi kwenye kidole chake. Akanitazama. Akauliza, kwa upole wa kutisha, kama nasafiri. Nikasema hapana. Akauliza kama yeye ndiye anayesafiri na hajaambiwa.

Akaniruhusu niende nyumbani mapema, nikanywe uji.

Vipimo nilivyopata: kimoja na nusu, visivyoaminika. Chuoni tungesema sampuli ni ndogo. Hata hivyo nashukuru. Nimeushika mkono ule mara tatu kwa siku moja, na nimeona jinsi ulivyo: sugu ya msumeno chini ya kidole cha shahada, kovu la tezo, kucha moja nene kama kwato. Miezi kumi na saba nimekuwa nikitazama mbao.


Jumatano, 4 Juni

Usiku mzima nimefikiria umbo. Uzi haufai. Namba hazifai. Ninachohitaji ni alama ya mkono wenyewe, umekunjwa, umebana kitu laini kinachobaki kama kilivyobanwa.

Ugali!

Nikamwomba Mama amkaribishe Babu chakula cha mchana. Mama, jina lake Getruda, hapendi kuulizwa mara mbili wala kujibu mara moja, akauliza kuna nini. Nikasema shukrani tu. Ilikuwa kweli.

Nikasonga mwenyewe. Ugali mgumu, wa kujengea. Mama aliujaribu kwa mwiko, mwiko ukasimama. Babu alikula kwa adabu, akitafuna kila tonge muda mrefu. Kisha nikafanya kile ambacho nilikifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikachukua bonge la ukubwa wa mpini, nikampa, nikamwomba alibane kwa nguvu zote, tena kama anavyoshika kitu cha kazi, kwa ajili ya mbwa. Nikasema mbwa Polisi anapenda ugali uliobanwa. Nikaongeza kwamba imethibitishwa.

Babu akauliza imethibitishwa na nani.

Nikasema na wataalamu.

Akalibana. Kwa mkono wake wa kulia, mkono wa chakula, taratibu, uso umetulia, kama mtu anayesaini hati. Polisi alisimama mlangoni akitokwa mate, nikampokonya Babu bonge kabla halijaanguka, nikakimbilia jikoni. Nyuma yangu nilisikia Babu akimwambia Mama kwa Kiiraqw kwamba mtoto anasoma mno. Mama akajibu kwamba alishaacha kusoma, hii ni akiba.

Lakini umbo! Vidole vinne, kila kimoja na bonde lake. Kidole cha shahada hakikunjiki mpaka mwisho, kimeacha mlima. Nimeliweka juu ya kichanja cha jiko likauke. Mama amepita, ameliona, akauliza kama miaka mitatu ya chuo ilikuwa ya kukausha ugali. Nashukuru alinisomesha. Siku moja nitamwambia.


Alhamisi, 5 Juni

Mpini unataka mti mkavu, mgumu, usio na uzi mkubwa. Mpera ni mzuri kuliko yote. Mpera mbichi hupasuka ukikauka. Mpera mkavu, wa miaka, uliolainishwa na mikono, uko mmoja tu nyumbani kwetu.

Mchi wa Mama.

Nilikata shubiri moja tu, upande wa juu, Mama akiwa shambani kwenye maharage. Nikausugua msasa pale nilipokata, nikapaka majivu, ukaonekana kama uliozaliwa hivyo.

Halafu kazi. Siwezi kueleza furaha ya leo. Nilimwambia Babu naumwa, nikakaa nyuma ya nyumba na shoka dogo, kisu, tupa mbili na lile bonge la ugali lililokauka kama jiwe. Shoka kuondoa pembe. Kisu kutafuta tumbo. Tupa ya meno makubwa, kisha ndogo. Kila baada ya muda nafumba macho na kupitisha kidole kwenye ugali, kisha kwenye mti. Ugali, mti. Mahali ambapo kidole kinajikwaa, tupa inapita. Babu ndiye aliyenifundisha hivyo: macho hupenda kitu kizuri, mkono hupenda kitu sahihi, hivyo usiyaamini macho peke yake. Ubapa mmoja upande wa gumba, patasi isibingirike mezani. Kitako kipana kidogo, kiganja kiegemee. Msasa, maji kidogo nyuzi ziinuke, msasa tena.

Mama alirudi, akaanza kutwanga mahindi ya makande. Nilimsikia akisimama. Akaanza tena. Akasimama. Akaniita, akauliza kama kinu kimezama ardhini au yeye ndiye ameota urefu. Nikasema ni umri. Hilo halikuwa jibu zuri.

Mwisho nikaupaka mpini mafuta ya mkia wa kondoo, yale aliyoleta shangazi kutoka Balangdalalu. Ukang'aa kama uso wa bibi harusi. Nimeuweka dirishani ujinywee mafuta. Nimesali. Nimeshukuru kwa kila kitu, mpaka kondoo.


Ijumaa, 6 Juni

Polisi ameuiba.

Mafuta ya kondoo! Nani anapaka mafuta ya kondoo kitu na kukiweka dirishani kwenye nyumba yenye mbwa? Msomi. Nilimwona akivuka shamba la maharage, mpini mdomoni, mkia juu. Nikamkimbiza na kandambili moja. Barabarani pikipiki ikasimama. Herman.

Herman alikuwa anakuja kuangalia fremu, eti apime mashine itaingiaje. Polisi, ambaye hana uaminifu, akaweka mpini miguuni pake. Herman akauokota, akauliza kwa sauti ya barabara nzima kama huo ni mfupa wa mjomba wangu yupi. Kisha akaushika vizuri. Akaufumbata kiganjani mara mbili, tatu. Akasema, dada injinia, hiki kitu kimetulia, niuzie. Nikasema hakiuzwi. Akasema basi nipe. Nikamwambia kakae na mashine yako, haihitaji kushikwa. Tukavutana. Mafuta ya kondoo yakanisaidia, ukateleza ukarudi kwangu.

Alama za meno ya Polisi zilikuwa mbili tu na si za kina. Msasa ukaziondoa.

Saa tano Babu alipokwenda kuzungumza na katekista, nikang'oa mpini wa zamani, nikagonga mpya, nikauvisha pete ya bomba ya kuuzuia usipasuke, aliyonikatia juzi Zulfa wa duka la vifaa, nilipomdanganya kwamba ni ya mwavuli. Nikaiweka patasi mezani mahali pake. Nikashika ufagio.

Babu akarudi. Akachukua nyundo ya mbao kwa mkono wa kulia.

Akachukua patasi kwa mkono wa kushoto.

Kushoto!

Patasi hushikwa kwa mkono wa kushoto. Nyundo ndiyo ya kulia. Miezi kumi na saba nimemtazama. Mimi mwenyewe hushika patasi kwa kushoto, kila siku, tangu kuzaliwa kwa patasi! Lakini shikamoo ni ya kulia. Ugali ni wa kulia. Nimepima kwa heshima na adabu zote mkono ambao haushiki patasi kamwe.

Tumbo la mpini likakaa kwenye vifundo vyake. Mlima wa kidole cha shahada ukamchoma gumba. Babu akakunja uso. Akaugeuza. Akauhamishia mkono wa kulia, na pale ukaingia kama maji kwenye gudulia. Akautazama mkono wa kulia. Akanitazama mimi na ufagio wangu.

Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya sanduku la zana, akaenda nyumbani. Saa sita mchana. Hajawahi kuondoka saa sita mchana.

Herman, aliyekuja kupima fremu, alikuwa bado mlangoni. Hata yeye hakutania. Akasema atakuja kesho saa tatu na mashine, halafu akasema pole, Rogathe. Jina langu! Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Nimekaa na daftari nikitafuta njia ya kupata mkono wa kushoto wa mzee. Hakuna. Mkono wa kushoto hupewi na mzee, wala humwombi. Husalimii nao, huli nao, hupokei nao kitu. Nimefikiria udongo laini kwenye kitasa cha mlango. Nimefikiria kumpa mzigo mkono wa kulia kisha kumtupia bonge la nta laini alidake. Nimefikiria kwamba nimemfungia sanduku mtu aliyenifungulia.

Nashukuru kwa nini leo? Nimetafuta. Nashukuru hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi.


Jumamosi, 7 Juni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nakoka moto. Hodi. Babu, ndani ya koti lake la mazishi kwa sababu ya baridi.

Nikaanza shikamoo. Akanizuia. Akakaa kwenye kigoda, kile kile nilichokisugua, ambacho baadaye alinipa, akavuta mkono wa kushoto kutoka mfukoni, akaunyoosha mbele yangu kama anayempa nesi.

Akasema: pima.

Sikuweza kusogea. Akasema, wewe mtoto, unasubiri nini, nife?

Kumbe alikuwa ameniona tangu shikamoo ya pili. Ila hakujua ni mpini. Alidhani, kwa kuwa nimesomea hesabu za watu, nakadiria amebakiza miaka mingapi. Akaamua anipe tu mkono nimalize hesabu, maana mimi ni mjukuu na sikuwa na kazi nyingine. Hata ugali aliubana kwa nguvu zote ili nimwandikie miaka mingi! Jana alipoushika mpini ndipo akaelewa. Akaenda nyumbani kwa sababu machozi yalikuwa karibu na hakutaka Herman ayaone.

Nikamuuliza kwa nini basi alimvisha mbwa glovu. Akasema Herman aliwapa watu waliokuwepo, hakumpa yeye. Kisha akasema, na wewe hukuuliza kabisa. Ungeuliza ningesema.

Nikauliza. Neno moja tu, linauma wapi.

Akasema hapa. Akagusa shina la gumba. Na hapa. Kidole cha shahada na cha kati, asubuhi haviji mpaka vipashwe kikombe cha chai. Kinachouma ni kubana kitu chembamba. Kitu kinene hakimuumi. Alisema yote hayo akitazama moto, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Nadhani hakuwahi kumwambia mtu. Niliushika mkono ule wa kushoto kwa mikono yangu yote miwili na hakuna aliyeona ni kukosa adabu.

Mti tena. Nikasema hakuna mpera mkavu. Mama akatoka chumbani na mchi wake begani, akauweka mbele yangu, akasema kata, tena safari hii ukate mbele yangu kama mtu mwenye wazazi.

Tukachonga wawili. Mimi shoka na tupa, yeye anaushika, anasema bado, anasema toa hapa, anasema umetoa mno msomi, anasema basi. Mnene kuliko mpini wowote niliowahi kuona. Kama yai la bata lililovutwa. Tuliupaka mafuta ya alizeti. Saa tatu na nusu patasi ilikuwa na mpini mpya.

Herman alifika na mashine kwenye pikipiki, na hotpoti ya pilau ya Iddi kutoka kwa Zulfa. Babu akamwambia mashine isishuke. Pilau ishuke.

Tundu la kwanza lilichukua dakika arobaini. La pili, ishirini na tano. Patasi haikuanguka. Katikati ya la tatu Babu akaanza kupiga mluzi, nikajua. Herman akavua koti bila kuambiwa, akashika fremu isitikisike mpaka jioni. Nilimchukia kidogo sana leo.

Mpini wa kwanza haukupotea. Babu ameugonga kwenye bisbisi, ambayo ni ya mkono wa kulia. Amefunga bawaba zote nao. Anasema unamshika kabla hajaushika.


Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Mlango umesimama. Unafunguka kwa kidole kimoja. Baada ya misa watu walitoka wakiufungua na kuufunga kama watoto, mpaka katekista akawaomba wamuachie na yeye. Babu alisimama pembeni na koti lake. Walipompongeza alinionyesha mimi, kwa mkono wa kushoto, mbele ya kigango kizima. Hakuna zawadi nitakayoipata kubwa kuliko ile.

Sanduku la zana liko wazi pale pale. Kesho tunaanza kabati la mwalimu. Herman ameomba mpini. Ameuliza moja kwa moja, mbele yangu, mikono yote miwili mbele: dada, ninaumwa hapa. Nikashangaa jinsi ilivyo rahisi.

Basi niandike nilichojifunza, kwa wino mwekundu, nisije nikasahau: UKITAKA KUJUA MKONO WA MTU, MUULIZE.

Nimepiga mstari chini yake. Miwili.

Sasa. Mama.

Mchi wa Mama umepungua shubiri mbili. Anatwanga ameinama kama anatafuta sindano. Hajalalamika, na hilo halivumiliki. Alinisomesha kwa mchi huo, kwa maana ya kwamba makande ya kuuza yalitoka humo. Nitamchongea mwingine, mrefu, wenye kiuno mahali pa viganja vyake, na kamwe hataona tena lengelenge. Itakuwa shukrani yangu.

Bila shaka siwezi kumuuliza. Mama si Babu. Ukimuuliza atasema mikono yake haina neno, nikatafute kazi. Lazima asijue.

Ila safari hii nimefikiri mapema. Mchi hutwangwa kwa mikono yote miwili, si mmoja. Kosa la Ijumaa halitarudiwa, na kwa hilo namshukuru Babu, aliyenifundisha.

Kesho mchana nasonga mwenyewe. Mgumu. Nitahitaji mabonge mawili.